Ujuzi ni Mali ya Nani?

Elimu ni mali. Kauli hii sisi walimu tumeitamka mara nyingi mno, darasani, kwenye mahafali na katika mikutano ya wazazi, hata makali yake yamekwisha kama ya kisu kilichokatia mawe. Ni nadra, hata hivyo, kumsikia mtu akiuliza swali linalofuata. Ikiwa elimu ni mali, ni mali ya nani? Na je, mwenye mali hiyo ana haki ya kuifungia sandukuni, na akipenda kwenda nayo kaburini?

Nataka kulijadili swali hili kwa kutazama vitu vidogo sana, vinavyoweza kukaa vyote katika viganja viwili: visu na vyombo ambavyo fundi wa kerezo dogo hujitengenezea mwenyewe. Msomaji anaweza kushangaa kwamba nimeacha vitabu na vyuo, ambavyo ndivyo nilivyoishi navyo hadi kustaafu, nikaenda kutafuta mfano karakana. Sababu yake ni kwamba shuleni swali hili halionekani vizuri. Mwalimu hulipwa ili atoe anachokijua. Fundi hulipwa kwa sababu anakijua kitu ambacho jirani yake hakijui.

Kerezo ni mashine inayozungusha kipande cha chuma, na kisu kilichokazwa imara kikakisogelea na kukimenya kidogo kidogo mpaka kikafikia kipimo kinachotakiwa. Sehemu inayokishika chuma kwa taya zake mafundi huiita chaki, jina ambalo sikio la mwalimu hulipokea kwa mshangao kidogo. Makerezo makubwa yana uzito wa gari, nayo hukaa katika karakana za migodi na za reli. Lakini yapo pia madogo ya kuwekwa mezani, mengi yakitoka China, yenye kitanda cha futi moja au zaidi kidogo, ambayo watu wawili huyabeba. Fundi niliyemfahamu hapa Shinyanga mjini alikuwa nalo la namna hiyo. Sitamtaja jina, kwa kuwa jamaa zake wapo. Alitengeneza cherehani za washonaji na mizani za wanunuzi wa dhahabu, na wateja walimfuata kutoka Kahama, Kakola na hata Geita.

Kerezo dogo halisamehe. Lile kubwa lina uzito wa kutuliza mtikisiko. Dogo likipewa kisu kinene au butu hutetemeka, na chuma hutoka na makunyanzi kama ngozi ya mzee kama mimi. Visu vingi vya kununua vimekusudiwa mashine kubwa. Kwa hiyo mwenye kerezo dogo hana budi awe fundi mara mbili: kwanza wa kukitengeneza chombo, ndipo awe wa kuifanya kazi yenyewe.

Nilikaa naye mara nyingi baada ya kustaafu, maana mstaafu ana muda, na benchi lake lilikuwa kivulini. Keekee iliyovunjika, ambayo mwingine angeitupa, yeye aliinoa ikawa kisu. Kipande cha msumeno wa chuma alikigeuza kuwa kisu chembamba cha kutenganishia kazi iliyokwisha. Kwa kupanua tundu lisilozidi kidole cha mtoto alikuwa na kijiti cha chuma chenye ncha iliyopinda kama kucha ya ndege. Alinifundisha kwamba kila madini yana matakwa yake. Alumini inataka kisu ambacho uso wake wa juu umeinamishwa sana, ili maganda yateleze. Chuma cha kawaida kinataka mteremko wa wastani. Shaba ya manjano haitaki mteremko hata kidogo, maana kisu chenye mteremko huzama ndani yake, kikaing'ang'ania na kuiharibu kazi. Na kila kisu, kiwe cha namna gani, lazima ncha yake iwe sawasawa na kitovu cha kipande kinachozunguka. Ikiwa chini kidogo, fundi huingiza kibati kilichokatwa kwenye kopo la soda. Haya yote alinieleza bila kinyongo, kwa sababu mimi sikuwa hatari kwake.

Kazi iliyomjengea jina ilihusu skrubu za cherehani. Bolti na skrubu tunazonunua madukani hufuata taratibu zilizokubaliwa. Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza mwaka 1841 kwamba hesi, yaani ule uzi unaoizunguka skrubu, ziwe za kipimo kimoja, pembe ya bonde lake ikiwa digrii 55. Zile za kipimo cha meta, ambazo leo ndizo nyingi, zina digrii 60. Lakini kampuni ya Singer ya Marekani ilizipa cherehani zake hesi za peke yake, na mashine hizo zimeenea kwenye baraza za maduka ya Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni. Tundu lake likilika, skrubu ya duka la vifaa haiingii. Cherehani nzima hulala kwa sababu ya kitu kidogo kuliko punje ya mahindi.

Rafiki yangu alijitengenezea tapu, yaani chombo cha kukatia hesi ndani ya tundu, ya kipimo hichohicho. Alichukua tupa ya duara iliyochakaa, akaipasha katika moto wa mkaa hadi ikawa nyekundu, akaifukia ndani ya jivu usiku kucha ili ipoe polepole na kulainika. Kesho yake akaikereza. Akaikata hesi kwa kisu ambacho ncha yake aliinoa ifuate bonde la skrubu ya zamani, akaichimbia mifereji ya kutolea maganda, kisha akairudisha motoni. Alilijua joto lake kwa sumaku ya spika ya redio: chuma kikifika nyuzi 770 hivi, sumaku haikishiki tena. Akangoja kidogo zaidi, akaichovya kwenye mafuta. Chuma kilichochovywa namna hiyo huwa kigumu lakini huvunjika kama kioo, kwa hiyo akaisugua ikang'aa, akaipasha tena taratibu mpaka ikaota rangi ya majani makavu, na hapo akaiondoa motoni. Siku mbili na nusu kwa chombo cha urefu wa kidole. Kazi yenyewe ya kukata tundu ilichukua dakika tano.

Tapu hiyo, pamoja na vyombo vingine thelathini au arobaini, ilikaa katika kisanduku cha bati chenye kufuli. Kijana aliyemsaidia, aliyefagia, akapaka mafuta na kupokea wateja kwa miaka sita, hakuwahi kukigusa. Kazi ikifika kwenye tapu, fundi alimtuma kununua soda.

Alifariki mwaka 2019. Baada ya msiba kisanduku kilifunguliwa na watoto wake, mmoja mhasibu na mwingine muuguzi, wakaona vipande vya chuma visivyo na majina. Kerezo lilipata mnunuzi. Vile vipande vikauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu, pamoja na nondo na rimu za baiskeli. Nilipopata habari nilikwenda kwa yule mnunuzi, nikafanikiwa kukomboa saba. Tapu naitambua, viwili nakisia, vinne siwezi kusema vilifanya nini, ingawa naona wazi kwamba mtu alitumia siku kadhaa kuvifikiria. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Hawakutuambia kata ikivunjika tufanye nini.

Nianze na hoja iliyo nyepesi kwa mwalimu. Tunaishi katika nchi ya dhahabu, na katika nchi ya dhahabu kuficha ni busara. Mchimbaji mdogo aliyegusa mkanda mzuri ndani ya duara lake hatangazi sokoni, na sioni wa kumlaumu. Wakiwa wawili kila mmoja atapata nusu. Dhahabu iliyotoka imetoka. Mgodi wa Geita uliochimbwa tangu miaka ya 1930 ulifungwa mwaka 1966, na ilibidi kungoja hadi 2000 ndipo uchimbaji mkubwa uanze tena kwa mitambo mingine. Ule wa Buzwagi kule Kahama ulianza mwaka 2009 na kufungwa 2021. Ujuzi haufuati hesabu hiyo. Kijana yule angejua kutengeneza tapu, fundi asingebaki akijua nusu.

Walimu wengi huishia hapo, wakamhukumu fundi kuwa bahili. Wanasahau upande wa pili wa hesabu. Ujuzi ukigawanywa haupungui, lakini bei yake hupungua, na fundi halipi karo ya watoto kwa ujuzi. Hulipa kwa bei. Mwalimu akimfundisha mwanafunzi hata akampita, mshahara wa mwisho wa mwezi unabaki palepale, na pengine atapewa cheti cha pongezi. Fundi akimfundisha kijana hata akampita, kijana hufungua kibanda ng'ambo ya barabara. Ukarimu wa mwalimu umelipiwa na serikali. Ni rahisi kumhubiria mtu utoaji ukiwa wewe umesimama juu ya mshahara na sasa juu ya pensheni.

Mjane wake alinieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko yangu. Nilikwenda kumjulia hali baada ya mwaka kupita, na katika mazungumzo nikasikitika juu ya kile kisanduku.

"Shemeji," akasema, "watoto wangu wamesomeshwa na kisanduku kile. Kingekaa wazi, karo ungelipa wewe?"

Swali lake si la Shinyanga peke yake. Mjini London, Joseph Bramah alitengeneza kufuli iliyosifika mno, akaionyesha dukani kwake tangu mwaka 1790 akiahidi zawadi kwa atakayeifungua bila ufunguo. Hakupatikana mtu hadi 1851, Mmarekani Alfred Hobbs alipoiweza. Lakini kufuli za Bramah zisingetengenezwa kwa ustadi ule bila vyombo na mashine za pekee alizozitengeneza kijana wake wa karakana, Henry Maudslay. Mwaka 1797 Maudslay aliomba aongezwe juu ya shilingi 30 za wiki. Akanyimwa. Akaondoka na kufungua karakana yake mwenyewe, akaendelea kuboresha kerezo la kukatia hesi ambalo jina lake linahusishwa nalo hata leo. Hodari wa kufuli hakuwa na kufuli ya kumzuia mtu huyo, kwa kuwa vyombo alivibeba kichwani. Na katika karakana ya Maudslay walipita vijana kama Richard Roberts, James Nasmyth na Whitworth huyohuyo niliyemtaja, wakatoka wakawa mafundi wa sifa kuliko mabwana wengi wa wakati wao. Bramah alibana, akampoteza mtu. Maudslay aliachia, na biashara yake haikufa kwa hilo. Lakini London ilikuwa na kazi ya kuwatosha wote, na mtaa wetu una washonaji wachache tu wanaohesabika. Mfano huo, basi, nauchukua kwa tahadhari.

Mfano wa karibu zaidi unanigusa zaidi. Katika nchi ya kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, ambayo sehemu yake sasa imo katika Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012, walikuwapo Barongo, wayeyushaji na wafuaji wa chuma. Majembe ya Uzinza yalifika Usukuma na Unyamwezi, na jembe halikuwa la kulimia tu, lilitolewa pia mahari. Tanuru lilizungukwa na miiko, na asiyehusika hakulikaribia. Hata hivyo watafiti wameeleza kuwa Barongo walikuwa zaidi umoja wa kazi kuliko ukoo mmoja. Naielewa hivi: ukuta ulikuwapo, lakini ulikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na mtu wa kukuuliza umekuja kufanya nini. Kisha chuma cha kutoka ng'ambo kikaingia kwa bei ndogo, na katika enzi za ukoloni matanuru yakazimika moja baada ya jingine. Miaka ya 1970, wazee wa Kihaya, jirani zao wa Kagera, waliombwa na mtafiti Peter Schmidt wawashe tena tanuru la jadi. Wazee walikumbuka mengi. Hata hivyo ilibidi wajaribu tena na tena, kwa kuwa mambo mengine hukaa mikononi, na mikono ilikuwa imepumzika miaka mingi.

Naona sasa naweza kusema ninavyofikiri. Katika tapu ile ya urefu wa kidole, sehemu kubwa haikuwa ya rafiki yangu. Whitworth hakumdai ada. Wala hakumdai yule wa kwanza aliyeona kwamba chuma chekundu huikana sumaku. Tupa ilitengenezwa na viwanda vya watu wengine. Hila ya kupoza chuma katika jivu alifundishwa na baba yake, aliyefua tindo za wachimbaji na aliyejua kwamba tindo ikichovywa vibaya huvunjikia mwambani. Kilichokuwa chake hasa ni hatua ya mwisho: kuipima skrubu ile ngeni, kuvumilia siku mbili na nusu, na kuthubutu kuanza. Hatua hiyo nakubali ni mali yake. Alikuwa na haki ya kuila, na sioni kwa nini jirani yake wa ng'ambo ya barabara aliyelala usingizi wakati yeye akinoa apewe bure.

Lakini kijana wa soda hakuwa jirani. Alitoa miaka sita. Alikula mchana, akapewa nauli, na kilichobaki cha ujira wake kilikuwa ni matumaini kwamba siku moja kisanduku kitafunguliwa mbele yake. Kumnyima mshindani siri ni biashara, na masoko yote yako hivyo. Kumtumikisha mtu kwa tumaini la siri, kisha kila siri inapotokea ukamtuma dukani, huko ni kuchukua mali ya mwingine, na mali yenyewe ni ujana. Hapo ndipo ninapomlaumu rafiki yangu, na namlaumu nikiwa bado nampenda. Nimewaona mabwana wengi wa karakana wenye desturi hiyo, Shinyanga, Kahama na Katoro, na wao huiita kumpima kijana uvumilivu. Uvumilivu wa mtu haupimwi kwa miaka sita.

Kuna watakaosema kwamba kazi ya kufundisha tumekwisha kuwapa wenye vyuo. SIDO ipo tangu 1973, VETA imeundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vijana wengi wametoka huko wakijua kerezo. Ni kweli, na nimefurahi kila nilipowaona. Lakini chuo hufundisha kilicho cha wote: pembe za visu, aina za chuma, usalama wa macho. Hakiwezi kufundisha kila skrubu iliyolala kwenye baraza fulani ya mtaa fulani. Elimu ya namna hiyo hukaa kwa mtu mmoja mmoja, na huhama kwa njia moja tu, mkono ukiwa karibu na mkono. Katika sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tulilima mashamba mengi ya shule, na mimi mwenyewe nilisimamia mahindi kwa bidii. Sikumbuki mara nyingi tukimpa mwanafunzi nafasi ya kukaa mwaka mzima pembeni mwa mhunzi, na mhunzi akalipwa kwa kuitwa mwalimu.

Niliwauliza washonaji watano pale sokoni kama wangekubali kuchanga wamlipe fundi afundishe watu wawili, ili wasibaki tena bila msaada. Wanne walikubali kwa sharti kwamba bei ya matengenezo ishuke. Wa tano, mama mtu mzima, alisema angechanga hata bei isiposhuka. Cherehani yake ilikuwa imelala tangu msiba.

Mwaka jana yule kijana, ambaye sasa ni mtu mwenye mke na yuko Katoro akichonga bushi za makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, alipita kunisalimu. Nilimwekea vile vipande saba mezani. Alivishika kimoja kimoja. Katika vinne nilivyoshindwa, viwili alivitambua, na alipoeleza alivyovitambua nilinyamaza: alikuwa akivisikia. Akirudi na soda alisimama nje ya mlango, akasikiliza mashine ikibadili sauti, na kwa ile sauti na vumbi la maganda alilofagia jioni alijua kisu kilikuwa chembamba au kinene na kilikata nini. Viwili vilivyobaki naye hakuvijua.

Aliomba kuazima tapu ili atengeneze nyingine kwa kuiga. Kisha akaniuliza kama anapaswa kumpelekea mama chochote. Nilimwambia aende akamwulize mwenyewe. Alikwenda, na mama akataja karo ya muhula mmoja ya mjukuu wake. Kijana analipa kidogo kidogo. Ninapoandika haya amebakiza theluthi.